Neno "Yatosha" Katika Uvuvi

Mvua zimekwisha, mtama umevunwa, na upepo wa kipupwe umeanza kuvuma juu ya majabali ya Singida. Huu ndio wakati ambapo maji ya Ziwa Singidani hutulia. Mtu apitaye kandokando ya mji saa za jioni huwaona vijana, na mara nyingine wazee, wameketi juu ya mawe, kila mmoja na ufito wake, mshipi wake na ndoana yake moja. Wako wanaovua kwa ajili ya kitoweo cha usiku ule. Wako pia, tukisema kweli, wanaovua kwa sababu wapenda kuvua: nyumbani kuna chakula, nao wangeweza kukaa kitako barazani bila kupungukiwa na kitu.

Hapo ndipo hutokea swali ambalo twataka kulifikiri pamoja na wasomaji wetu leo. Mkristo aliyekwisha kula akashiba, je, ana haki ya kumtoa samaki majini kwa kujifurahisha? Na kama anayo, mpaka wa haki hiyo uko wapi?

Pengine mtu atacheka na kusema: gazeti la dini lina habari gani na ndoana? Tunamjibu kwamba chini ya swali hili dogo limelala swali kubwa, nalo lamhusu kila mtu, hata yule ambaye hajawahi kushika mshipi. Swali lenyewe ni hili: mwanadamu atwaeje kitu ambacho hakukiumba? Mkulima, mfugaji, mkata mkaa, mrina asali, mfanya biashara, wote hutwaa kila siku. Mvuvi ni mfano tu, lakini ni mfano ulio wazi sana, kwa sababu mvuvi hakupanda wala hakulisha. Yeye hunyosha mkono juu ya maji na kupokea.

Tuanze kwa kuwatazama wavuvi wawili walio mbali sana wao kwa wao.

Wa kwanza ni yule avuaye samaki aitwaye trauti. Hapa Singida samaki huyo hayupo, kwa maana yeye hutaka maji ya baridi, safi, yaendayo kasi, na nchi yetu haina vijito vishukavyo kutoka milima mirefu. Asili yake ni mito ya Ulaya na ya Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven katika nchi ya Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye samaki wa namna hiyo walipandikizwa pia katika vijito vya Kilimanjaro na vya nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Hawakuletwa ili kuondoa njaa ya watu. Waliletwa ili mabwana wa wakati ule wapate kuvua kama walivyovua kwao.

Namna ya kumvua ni ya ajabu kidogo kwetu. Mvuvi hafungi mnyoo kwenye ndoana. Huchukua manyoya ya ndege na uzi, akaviviringisha juu ya ndoana ndogo mpaka vikafanana na mdudu arukaye juu ya maji. Kisha husimama mtoni, maji yakimfika magotini, akaurusha mshipi wake mbele na nyuma hewani, na kuuacha ushuke polepole, ili mdudu yule wa uongo aanguke kama aangukavyo mdudu wa kweli. Trauti husimama katika mkondo akielekeza kichwa kule maji yatokako, akingoja chakula kiletwe na mto. Akiona kivuli cha mtu, hukimbia. Kwa hiyo mvuvi hutembea kwa kunyata, hunyamaza, hungoja. Aweza kumaliza siku nzima na kupata samaki wawili, au asipate hata mmoja. Tena desturi ya wengi wa wavuvi hao ni hii: wakimpata, humtoa ndoana mdomoni na kumrudisha majini aende zake.

Mvuvi wa pili yuko karibu nasi. Upande wa kaskazini wa mkoa wetu, katika wilaya ya Iramba, liko Ziwa Kitangiri. Mto Wembere huleta maji yake humo, na Mto Sibiti huyatoa na kuyapeleka katika Ziwa Eyasi. Ni ziwa lisilo na kina kirefu. Mwaka wa mvua nyingi hutanda mbali, na mwaka wa ukame hurudi nyuma na kuacha matope yaliyopasuka. Humo wamo perege na kambale, nao ni chakula na fedha kwa watu wengi: ndio ada ya shule, ndio dawa, ndio sabuni. Mvuvi wa Kitangiri haendi ziwani ili kutazama mapambazuko. Huenda kwa sababu wamo watu saba nyumbani wanaomtazamia.

Sasa, katika hao wawili, ni nani atendaye haki? Wengi watajibu upesi: yule wa Kitangiri, kwa kuwa anavua kwa haja, yule wa trauti anacheza tu. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini halikumaliza neno. Na tulichunguze.

Kanisa lafundisha nini? Kwanza, kwamba viumbe vyote ni vyema, kwa kuwa Mungu alivitazama akaona kuwa ni vyema kabla mwanadamu hajawapo kuvitumia. Pili, kwamba Mungu alimpa mwanadamu mamlaka juu ya samaki wa baharini na ndege wa angani. Lakini mamlaka hayo ni ya msimamizi wa nyumba, si ya mwenye nyumba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaeleza wazi kwamba ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, bali ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe kuwatesa au kuwaua bila sababu. Mtakatifu Toma wa Akwino alikwisha kufundisha zamani kwamba mtu azoeaye ukatili kwa mnyama huufungulia mlango ukatili kwa jirani yake. Kila mzazi alijua hilo pasipo kusoma vitabu. Mtoto ang'oaye mabawa ya panzi na kucheka, mama yake humkemea, naye hamkemei kwa ajili ya panzi peke yake.

Kwa hiyo kuvua si dhambi. Bwana wetu alichagua Mitume wake wa kwanza miongoni mwa wavuvi. Baada ya Ufufuko alikula samaki mbele yao, na kule ufukoni aliwawashia moto wa makaa na kuwaandalia samaki. Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 590 hadi mwaka 604, aliuliza kwa nini Petro aliweza kurudi katika kazi yake ya kuvua baada ya kuongoka, lakini Mathayo hakurudi tena katika meza ya ushuru. Akajibu kwamba ziko kazi ambazo ni shida kuzifanya bila dhambi, na ziko kazi zisizo na ubaya ndani yake. Uvuvi ni wa namna hii ya pili. Hata sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyowaonya mapadre wasijitie katika uwindaji, na kuwakataza kabisa uwindaji wa makelele na mbwa wengi, haikuwawekea wavuvi neno kama hilo. Uvuvi ulihesabiwa kuwa kazi ya utulivu.

Tena furaha yenyewe si dhambi. Mtakatifu Toma asema kwamba kama mwili unavyochoka kwa kazi, ndivyo na roho inavyochoka, na pumziko la roho ni mchezo na furaha ya kiasi. Aweka masharti matatu: mchezo usiwe wa mambo machafu au ya kudhuru, usimwondolee mtu akili na staha yake, na uwe wa kumfaa mtu mwenyewe, mahali pake na wakati wake. Basi kijana akaaye juu ya jabali la Singidani jioni, akitazama ufito wake badala ya kukaa kilabuni, hana haja ya kuona haya. Baba amchukuaye mwanawe kwenda kuvua Jumamosi amempa kitu ambacho shule haitampa.

Lakini hapa latokea swali gumu juu ya yule mvuvi wa trauti amrudishaye samaki wake. Wengi humsifu kwamba ana huruma: hakuua. Wengine humlaumu kwamba ana ukatili kuliko mwuaji: alimtesa kiumbe bila hata kumla. Si maneno ya barazani tu. Kanuni za kulinda wanyama za nchi ya Uswisi, za mwaka 2008, zakataza mtu kwenda kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki. Huko, kama hutaki kumla, usimvue. Na sheria ya Ujerumani hutaka pawepo sababu ya haki kabla mtu hajamtia mnyama maumivu. Wataalamu wangali wakibishana jinsi samaki asikiavyo maumivu. Lakini kwamba huhangaika kwenye ndoana kila mtu ameona, na kwamba samaki aliyechoshwa mno aweza kufa baada ya kuachwa, hasa katika maji ya joto, jambo hilo lajulikana.

Sisi twaonaje? Twaona kwamba yapasa kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa nje. Mtu aliyekwenda kuvua apate chakula, akapata samaki mchanga, au aliyejaa mayai, au wa tatu baada ya wawili wa kumtosha, akamrudisha, huyo ametenda vema kabisa. Kurudisha kwake ni tunda la kiasi. Bali mtu aliyetoka nyumbani akitaka tu kuusikia mshipi ukivutwa na kiumbe kinachopigania uhai wake, akafanya hivyo mara ishirini kwa siku, huyo yafaa ajiulize ni kitu gani hasa kinachomfurahisha. Kama ni mto, ukimya, asubuhi, na ustadi wa mkono, hayo ni mema, nayo yapatikana hata kwa samaki wawili. Kama ni mahangaiko yenyewe ya samaki, basi furaha hiyo haimfai mtoto wa Mungu, hata ikiwa mwisho wake ni kumwachilia.

Mpaka basi si kuua au kutoua. Wala mpaka si kuwa na haja au kutokuwa na haja peke yake, kwa sababu mtu mwenye haja naye aweza kuharibu. Mpaka uko katika neno moja ambalo mvuvi wa mto na mvuvi wa ziwa wote wawili wapaswa kujifunza kulisema: yatosha.

Tuone jinsi ndoana inavyolifundisha neno hilo. Katika Injili nyavu zatajwa mara nyingi, bali ndoana twaisoma mara moja tu, kwa Mathayo, sura ya 17. Watoza kodi ya Hekalu walikuwa wamefika. Bwana akamwambia Petro aende baharini, atupe ndoana, amchukue samaki wa kwanza atakayeibuka. Katika kinywa chake ataona sarafu, nayo itatosha kulipa kwa ajili yao wawili. Tafadhali, wasomaji, liangalieni jambo hili. Petro alikuwa mvuvi wa nyavu, aliyezoea kuvuta chombo kizima. Hapa apewa ndoana moja, samaki mmoja, sarafu moja, kiasi cha haja iliyopo. Hatusomi kwamba alirudi kutupa ndoana mara ya pili, apate kuona kama samaki wa pili naye ana fedha. Ni wangapi kati yetu wangaliweza kuondoka ufukoni?

Ndoana, kwa jinsi ilivyo, humwuliza samaki. Asiye na njaa hapokei chambo. Na hapa Muumba ameweka jambo la ajabu katika maziwa yetu wenyewe, ambalo wengi hula perege miaka yote pasipo kulijua. Perege jike akisha kutaga, huyakusanya mayai yake kinywani mwake, akayatunza humo mpaka yaanguliwe. Na watoto wakisha kutoka, hukaa karibu naye, na wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama yao. Siku hizo zote mama hali, au hula kidogo mno. Kwa sababu hiyo ni nadra kumpata kwa chambo. Ndoana humpita, naye huendelea kulea. Lakini wavu wa macho madogo haumwulizi kitu. Humzoa pamoja na watoto wake, naye akitolewa majini huwatema juu ya mchanga.

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwaagiza Waisraeli hivi: mtu akikuta njiani kiota, na mama ameyalalia mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na watoto, amwachilie mama aende. Tena ameongeza ahadi ya heri na ya siku nyingi kwa yule atakayetii. Ni amri ndogo juu ya ndege mdogo, na ahadi yake ni kubwa sawa na ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu hakusema ndege asiliwe. Alisema chemchemi isikaushwe. Atakayesoma amri hiyo kando ya Kitangiri ataelewa bila kuelezwa kwamba yamhusu na perege.

Wala hatusemi kwamba wavu ni kitu kibaya. Petro, Andrea, Yakobo na Yohane waliishi kwa nyavu, na Bwana aliwajazia. Wavuvi wetu husema kwamba wavu una macho. Ni msemo mzuri. Wavu wenye macho makubwa humwona samaki mdogo na kumwacha apite. Wavu wenye macho madogo kupita kiasi ni kipofu, humshika kila mtu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake yakataza baruti na sumu, yakataza kokoro linalokwaruza mahali samaki wanapozalia, na kuweka kipimo cha macho ya nyavu. Sumu twaijua tangu zamani, ule mti uitwao utupa, uliopondwa na kutiwa majini ili samaki waelee. Mtu atiaye sumu katika dimbwi hamchukui samaki, anachukua dimbwi. Sheria kama hizi si udhia wa serikali tu. Mkristo azivunjaye kwa tamaa huwaibia watu, na walioibiwa ni pamoja na watoto wake mwenyewe.

Hapa baba wa nyumba ya Iramba atatujibu, na jibu lake yapasa lisikilizwe kwa heshima. Atasema: "Padre, maneno yako ni mazuri, lakini mtoto wangu hali samaki wa mwaka ujao. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wavu mkubwa umetoka mtupu siku tatu. Nifanyeje?"

Hatutamjibu kwa kumhukumu. Mafundisho ya Kanisa ni wazi, na si mapya. Mtakatifu Toma afundisha kwamba katika dhiki ya kweli, mali ya dunia ni ya wote, na mtu mwenye njaa atwaaye kiasi cha kuokoa uhai si mwizi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilikariri fundisho hilo mwaka 1965. Baba huyo akimchukua samaki mdogo kwa ajili ya chungu cha usiku huo, kwa sababu hakuna kingine, hakuna padre atakayemtenga na meza ya Bwana.

Lakini na tuulize maswali mawili zaidi. La kwanza: haja ya baba huyo ina mwisho, na mwisho wake ni chungu kilichojaa. Je, mkono wake ulisimama chungu kilipojaa? Kama alivuta magunia ya samaki wachanga na kuyapeleka mnadani, hapo njaa ya watoto imekuwa kisingizio. Haja hujua kusema yatosha. Tamaa haijui, na hicho ndicho kipimo cha kuzitambua.

Swali la pili ni zito zaidi: ule wavu wa macho madogo aliupata wapi? Mara nyingi mvuvi maskini hana wavu wala mtumbwi. Viko mikononi mwa mtu mwingine, ambaye haonekani ziwani wala hanuki samaki, anayekopesha chombo na kudai alipwe kwa mzigo mkubwa kila juma. Mgambo wakija, wavu huchomwa na maskini hufungwa, na mwenye fedha hununua mwingine. Tena wapo wanunuzi, nao ni sisi. Mama anunuaye fungu la perege wadogo kuliko kidole kwa kuwa ni rahisi, amewasaidia wale walioukausha mwaka ujao. Dhambi ya ziwa lililokwisha samaki haiko juu ya mtu mmoja mwenye njaa. Imegawanyika, na sehemu zilizo kubwa ziko kwa wale walioshiba.

Kwa hiyo haki yataka mzigo wa kungoja nao ugawanyike. Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaana. Kwa watu wa Kigoma, Katavi na Rukwa waishio kwa dagaa na migebuka, miezi mitatu ni mirefu sana kwa nyumba isiyo na shamba. Kupumzisha ziwa ni jambo la hekima, na linafanana na ile sabato ya nchi ambayo Mungu aliwaagiza watu wake katika mwaka wa saba. Lakini katika sabato hiyo ya Biblia maskini walipewa haki ya kula kilichoota chenyewe shambani. Hakuambiwa maskini peke yake afunge. Jumuiya inayomwambia mvuvi "usivue" yapasa imwulize pia "utakula nini?", na ikae hapo mpaka isikie jibu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizo kando ya maziwa zaweza kufanya mengi hapa: akiba ya mtama, mfuko wa kukopeshana nyavu halali, shamba la pamoja. Bila hayo, mahubiri yetu juu ya samaki wachanga yatakuwa maneno ya mtu aliyeshiba kwa mwenye njaa.

Na mvuvi wa trauti, tumwambie nini? Yeye hana njaa, kwa hiyo hana udhuru. Akishapata wawili wa kupeleka nyumbani, akunje mshipi wake na kuketi ukingoni. Mto bado ni wake kuutazama. Tena yeye aliye na nafasi ya kungoja, na ajue kwamba kungoja kwake ni starehe, wakati kungoja kwa mwenzake wa Kitangiri ni mateso. Wote wawili hukesha juu ya maji, bali mmoja hurudi nyumbani mikono mitupu akicheka. Anayelijua hilo hatamhukumu upesi mwenye wavu.

Wasomaji wapenzi, hatukusudia leo kuwafundisha wavuvi peke yao. Nenda katika mapori ya Manyoni na Itigi, umtazame mrina asali mwenye busara. Hufungua mzinga, hukata masega, huacha mengine, kisha hufunga. Ukimwuliza kwa nini ameacha asali nzuri vile, atakuambia kwamba hiyo ni ya nyuki. Hakusoma falsafa, lakini ameijua njia. Mwenzake akatae masega yote hupata ndoo iliyojaa zaidi mwaka huu, na mwaka ujao hukuta mzinga una mchwa. Ndivyo ilivyo kwa miti ya mkaa, kwa malisho, kwa visima, na hata kwa nguvu za mtumishi wa nyumbani, ambaye wengine humvuta toka alfajiri hadi usiku kama wavu usio na macho.

Wana wa Israeli walipokuwa jangwani, mana ilianguka kila asubuhi, na kila mtu aliambiwa aokote kiasi cha kumtosha. Waliokota wengine zaidi, na kilichobaki kikaoza na kuingia mabuu. Mungu hakuwanyima. Aliwafundisha kuamini kwamba kesho nayo iko mikononi mwake. Mtu asiyeweza kusema yatosha, mara nyingi si kwamba ana njaa kubwa kuliko wengine. Ni kwamba hamtumaini Mungu kwa ajili ya kesho.

Basi, wazazi, twawasihi. Watoto wakipenda kuvua, msiwakataze. Enendeni nao. Wafundisheni kumwua samaki upesi pasipo kumtesa, kumrudisha aliye mdogo kwa mkono uliolowa maji ili asichubuke, kutoacha mshipi na ndoana ufukoni zikawadhuru ndege na mifugo. Kabla ya kutupa ndoana, waulizeni: nyumbani tuko wangapi? Na wakisha kupata idadi hiyo, waambieni wakunje mishipi yao, hata kama jua bado liko juu na samaki wanaendelea kula. Watanung'unika. Siku ile waacheni wanung'unike, bali njiani pitieni kwa mjane au mgonjwa aliye jirani, na mwacheni mtoto mwenyewe atoe samaki mmoja kwa mkono wake.

Mtoto aliyekua hivyo, akiwa mtu mzima na kukabidhiwa duka, ofisi, au fedha za watu, huenda akakumbuka kwamba kuna saa ya kukunja mshipi. Mwenyezi Mungu, aliyeyajaza maji ya dunia viumbe vyenye uhai, ayalinde maziwa yetu, awape riziki wavuvi wetu, na atujalie sisi sote moyo wa kuridhika.